Kisiwani au Ng'ambo? Kupanga Nyumba Mombasa Ukihesabu na Kivuko

Tangazo la nyumba ya kupanga Mombasa halikosi mambo matatu: kodi, idadi ya vyumba na picha ya vigae vinavyong'aa. Utakavyovuka kwenda kazini halisemi. Maji yatakayotoka kwenye koki halisemi. Na hayo mawili ndiyo humfanya mtu afungashe virago kabla mwaka haujaisha, wala si udogo wa sebule. Ndiyo maana hapa sitapanga mitaa kuanzia wa rahisi hadi wa ghali. Nitailinganisha kwa kile kinachobaki mfukoni baada ya kuvuka na kuchota.

Mombasa ndiyo kaunti ndogo kuliko zote Kenya, takriban kilomita 220 za mraba, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,208,333. Kisiwa kiko katikati. Ukielekea kaskazini unatoka kwa daraja la Nyali, magharibi kwa Makupa, kusini kwa feri ya Likoni. Benki, mahakama, ofisi za kaunti, hospitali kuu ya Makadara na maduka ya jumla bado yamerundikana kisiwani, kwa hiyo asubuhi umati wote huingia kwa milango hiyo mitatu, na jioni hutokea hapo hapo. Kodi ya Mombasa hufuata milango hiyo kuliko inavyofuata uzuri wa nyumba. Chumba cha hali ya chini upande wa ndani hushinda kwa bei chumba kizuri kilichoko mwendo wa saa moja nje.

Nyumba mbili, hesabu moja

Chukua mfano. Mume na mke, wote wanafanya kazi mjini siku 26 kwa mwezi. Wameona nyumba ya chumba kimoja cha kulala Tudor kwa shilingi 18,000, na nyingine kama hiyo Kiembeni kwa 12,000. Juu juu, Kiembeni inaokoa 6,000.

Sasa weka nauli. Tuseme matatu ya Kiembeni ni shilingi 80 kwenda na 80 kurudi. Kwa watu wawili hiyo ni 8,320 kwa mwezi. Tudor, hata wakipanda kila siku kwa shilingi 40 kwenda na 40 kurudi, ni 4,160. Pengo la 6,000 limeshuka hadi 1,840. Halafu maji. Fleti nyingi za upande wa kaskazini hutegemea kisima, na kisima cha huko mara nyingi ni cha chumvi. Kama watanunua mitungi miwili ya maji matamu kwa siku, shilingi 20 kila mtungi, ni 1,200 nyingine. Limebaki pengo la 640, na hatujaitaja bodaboda ya kutoka barabarani hadi mlangoni siku ya mvua, wala saa zinazopotea kwenye foleni ya daraja.

Lakini geuza mfano kidogo. Kama anayevuka ni mmoja tu, na mwenzake ana duka hapo hapo Kiembeni, hesabu inageuka: Kiembeni inafika 17,360 na Tudor 20,080, bila hata kuhesabu nauli ya mwenye duka kutoka Tudor. Hapo kukaa nje kuna maana. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nyumba ina vyumba vingapi, uliza nyumbani kwenu ni wangapi watakaovuka kila siku, na watoto wa shule uwahesabu humo humo.

Nauli nilizoweka ni za mfano. Mombasa nauli ya saa kumi na mbili asubuhi si ya saa nne, na mvua ikinyesha kondakta hutangaza bei mpya bila haya. Weka zako za kweli.

Kisiwani: unalipia miguu yako

Tudor ndiyo chaguo la kati la kisiwa. Kuna fleti za zamani zenye vyumba vipana, kuna maghorofa mapya yenye lifti, na kuna bedsita, yaani chumba kimoja chenye choo chake, zinazofuatwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hao wanafunzi huwafanya wenye nyumba wasiwe na haraka ya kupunguza bei. Muhula ukikaribia kuanza, bedsita ya 8,000 huweza kuombwa 10,000 bila hata kupakwa rangi. Vyumba viwili vya kulala Tudor huombwa kati ya 20,000 na 35,000 hivi, kutegemea umri wa jengo na kama kuna maegesho. Ganjoni iko karibu na bei hizo, au juu kidogo. Kizingo ni kwingine kabisa, huko ni kwa mwenye mfuko mzito na anayependa utulivu karibu na bahari.

Buxton ilikuwa mtaa wa nyumba za kaunti, ikabomolewa kupisha maghorofa ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Watu huuliza kama huko kunapangwa. Nyumba hizo zilijengwa kwa ajili ya kuuzwa, kwa hiyo ukikuta inayopangishwa, aghalabu unashughulika na aliyeinunua, na bei ni ya soko, si ile ya unafuu uliyoisikia kwenye hotuba.

Majengo na Mji wa Kale ndiko nyumba za Kiswahili zilikobaki kwa wingi, ingawa Majengo zinabomolewa moja baada ya nyingine na ghorofa sita zinasimama juu ya kiwanja kilichokuwa cha vyumba sita. Mji wa Kale umehifadhiwa kisheria, hivyo ujenzi umebanwa. Ni mahali pazuri kwa asiye na gari na mwenye jamaa karibu. Kwa mwenye makochi makubwa, apime kwanza upana wa ngazi. Nimeona kabati likipandishwa kwa kamba kupitia dirishani, na jirani wote wakitoa maelekezo.

Faida kubwa ya kisiwa haionekani kwenye risiti: ukichelewa kazini unarudi kwa miguu. Ukiugua usiku, Makadara ni tuktuk moja.

Kaskazini: nyumba nyingi, daraja moja

Huu ndio upande unaojengwa kuliko pote, na ndio ninaotaka kukaa nao kidogo, kwa sababu ndiko wengi wenu mtakakoishia.

Nyali yenyewe, ile ya karibu na bahari na maduka makubwa, ina kodi zake: vyumba viwili vya kulala kuanzia 35,000 hadi 70,000, na vitatu hupita hapo bila taabu. Ndani yake kuna ada ya huduma, mlinzi, jenereta, na bwawa ambalo watu wazima hulitazama tu. Uliza ada ya huduma imo kwenye kodi au iko kando. Tofauti huwa elfu kadhaa kila mwezi. Na kama sebule inatazama bahari, jua kwamba hewa ya chumvi hula kila kitu cha chuma, kuanzia bawaba za milango hadi feni. Mwenye nyumba atadai ni wewe uliyeharibu. Piga picha siku ya kuingia.

Jambo jingine la Nyali, na pia Bamburi na Shanzu, ni nyumba za kukodisha kwa siku. Fleti inayoweza kujazwa na wageni Desemba na Agosti humtia mwenyewe tamaa ya kumtoa mpangaji wa mwezi. Si kila jengo liko hivyo. Lakini ukiona nusu ya milango ina vikufuli vya namba na wageni wenye masanduku kila Ijumaa, dai mkataba wa mwaka mzima ulioandikwa, vinginevyo Novemba utaambiwa mwenye nyumba "ana mtoto wake anarudi kutoka ng'ambo".

Kutoka hapo ukielekea Bombolulu, Mtopanga, Kiembeni, Bamburi hadi Utange, fleti zimeota kama uyoga. Hapa ndipo mpangaji ana nguvu. Majengo mapya huwa na nafasi tupu miezi mingi, na mwenye nyumba anayelipa mkopo wa benki hapendi kuona madirisha yasiyo na mapazia. Kwenye jengo lililo nusu tupu omba punguzo, au omba depositi ilipwe kwa awamu mbili. Wengi hukubali. Ila kipya kinyemi ingawa kidonda: jengo ambalo halijapitiwa na masika hata moja hujui linavuja wapi. Ghorofa ya juu kabisa, chini ya zege lisilo na paa, huwa tanuri kuanzia Januari hadi Machi, na upepo wa kusi ukija wa kwanza kuuonja ni wa upande wa pili wa jengo. Ukipewa kuchagua, chukua ya katikati, madirisha pande mbili.

Kisha maji. Kaunti hii haina mto wala chemchemi kubwa ya kuilisha. Vyanzo vikuu vya maji ya mfereji viko nje: Mzima huko Taita Taveta, Baricho kandokando ya mto Sabaki Kilifi, Marere na Tiwi huko Kwale. Yanayofika hayatoshi, ndiyo maana ya mgao, na ndiyo maana ya visima. Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale limekusudiwa kupunguza shida hiyo, lakini usipange nyumba leo kwa maji ya kesho.

Ukienda kuangalia nyumba, mazungumzo na msimamizi wa jengo huwa hivi.

"Kaka, maji hapa vipi?"

"Maji hayakatiki, dada. Saa ishirini na nne."

"Ya mfereji au ya kisima?"

"Yako mazuri tu."

Hapo ameshakujibu. Fungua koki mwenyewe. Osha mikono kwa sabuni: povu likikataa kutoka, ni ya chumvi. Tazama bomba la bafuni, kama limeota ukoko mweupe kuzunguka tundu, ni ya chumvi nyingi. Onja kwa ncha ya ulimi, usimeze. Maji ya chumvi yanafaa kudekia na kumwagia chooni. Kwa nguo nyeupe na nywele ni adha, na kwa chai hayafai kabisa. Nyumba yenye mabomba mawili, la kisima na la mfereji, pamoja na tangi la mfereji juu, inastahili shilingi elfu moja au mbili zaidi ya jirani yake.

Wanaosukumwa zaidi na bei huvuka hadi Mtwapa. Huko ni kaunti ya Kilifi tayari. Nyumba ni nyingi na maisha ya usiku ni mengi zaidi, na kwa mtu anayefanya kazi Shanzu au Bamburi ni jirani. Kwa anayefanya kazi mjini umeongeza mkondo wa pili wa maji juu ya ule wa Nyali. Sikushauri, labda uwe na kazi ya zamu zinazokwepa foleni.

Kisauni ya ndani, Mlaleo, Barsheba, Mwandoni, Junda, ina vyumba vya bei ya chini na bado iko karibu na daraja kuliko Bamburi. Imechafuliwa jina na visa vya vijana wenye mapanga, na visa hivyo vimetokea kweli, ila mtaa si mmoja wote. Usimuulize dalali. Muulize mama anayeuza mahamri kwenye kona saa kumi na moja alfajiri, maana yeye ndiye anayetembea gizani kila siku.

Magharibi: fuata kazi, si mandhari

Changamwe, Magongo, Mikindani, Chaani, Miritini. Hakuna anayehamia huku kwa ajili ya upepo wa bahari. Watu hukaa huku kwa sababu bandari, uwanja wa ndege wa Moi, viwanda vya EPZ (vinavyotengeneza bidhaa za kuuza nje) na yadi za makontena viko hapa. Kama kazi yako iko huku, huhitaji kuvuka mlango wowote, na hilo pekee linakupa faida ya elfu kadhaa juu ya mtu wa Tudor anayekuja kinyume.

Upande huu ndio unaoonyesha vizuri jinsi kodi inavyofuata ajira. Reli ya SGR ilipofunguliwa 2017, na baadaye makontena yakalazimishwa kupanda treni, madereva wa malori, matingo na makarani wa yadi walipoteza kazi, na vyumba vya Magongo na Miritini vikabaki na makufuli. Mwaka 2019 watu waliandamana barabarani kuhusu jambo hilo. Septemba 2022 amri ya kurudisha shughuli za kukomboa mizigo Mombasa ikatolewa. Ukilinganisha mwenye nyumba wa huku na wa Nyali, wa huku amewahi kuonja nyumba tupu, na ukimletea barua ya ajira atakusikiliza.

Chumba kimoja cha ploti hupatikana kwa 3,000 hadi 5,000, na nyumba ya chumba kimoja cha kulala inayojitosheleza huombwa kati ya 8,000 na 14,000. Hasara ni vumbi, malori usiku kucha kandokando ya barabara kuu, na mzunguko wa Changamwe ukikwama. Mikindani iko juu kidogo na hupata hewa, ndiyo ninayoiona bora upande huu.

Likoni: bei ya chini, subira ya juu

Kwenye feri ya Likoni, mtu wa miguu halipi. Hiyo ndiyo siri ya Likoni. Anayefanya kazi Ganjoni, Posta au bandarini upande wa Mbaraki anaweza kwenda na kurudi mwezi mzima bila nauli ya kivuko, na chumba chake kikawa cha 2,500 hadi 4,000. Hakuna upande mwingine wa Mombasa wenye hesabu ya namna hiyo.

Unacholipa ni muda. Feri moja ikiharibika, umati hujaa hadi juu ya mteremko, na bosi wako hatakubali sababu hiyo mara ya tatu. Mwenye gari analipa na bado anapanga foleni. Barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka kutoka Miritini hadi kusini, imewapa wenye magari mlango wa nyuma, lakini kwa anayekwenda Digo Road, kisiwani, ni safari ndefu ya kuzunguka. Faida yake ni kwa anayeishi Likoni na kufanya kazi Changamwe au Miritini. Eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu nalo limewafanya wenye viwanja vya Mtongwe na Shika Adabu waanze kuota ndoto. Kodi zikipanda huko miaka ijayo usishangae. Anayeingia sasa na mkataba wa miaka miwili atakuwa amejikinga.

Chumba cha nyumba ya Kiswahili au bedsita?

Kwa mwenye bajeti ya 3,000 hadi 8,000 hili ndilo swali la kweli. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kuna jiko, choo na bafu vya pamoja, na mbele baraza. Chumba huwa kikubwa kuliko bedsita nzima, dari iko juu, na kuna mtu nyumbani mchana wa kuangalia nguo zako zikianikwa. Bedsita inakupa choo chako na faragha yako, basi.

Tatizo la nyumba ya Kiswahili ni umeme na ardhi. Umeme: mita ni moja, na mwenye friji na mwenye balbu mbili hulipa sawa hadi wagombane. Uliza tokeni hununuliwaje. Ardhi: sehemu nyingi za Majengo, Kisauni na Likoni, mwenye nyumba ana kuta na paa, ila kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Wawili hao wakikorofishana, mpangaji ndiye wa mwisho kujua. Uliza wazi, "Kiwanja ni chenu, mama?" Mwenye hati hatachukia swali hilo. Likoni, wakaazi wa shamba la Waitiki walianza kupewa hati 2016 baada ya serikali kulinunua, na unaweza kuona tofauti kwa macho, kwani mwenye hati hujenga kwa matofali.

Pesa za kuingilia, na karatasi

Kawaida ni kodi ya mwezi mmoja na depositi ya mwezi mmoja. Fleti za Nyali huweza kudai depositi ya miezi miwili, pamoja na depositi ya maji na umeme. Dalali naye hutaka chake, na siku hizi wapo wanaodai ada ya kukuonyesha tu. Usitume M-Pesa kwa nyumba usiyoingia ndani ukagusa kuta. Picha ile ile ya WhatsApp hupangishwa kwa watu watano.

Tangu Januari 2024 mwenye nyumba anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi anazokusanya, kutoka asilimia 10. Ushuru huo ni wake na umeshuka, kwa hiyo akikuambia amepandisha kodi kwa sababu yake, mkumbushe kwa adabu.

Sheria ya udhibiti wa kodi, Sura ya 296, humlinda mpangaji ambaye kodi ya kiwango ya nyumba yake, yaani ile inayotambuliwa kisheria, haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho ni cha zamani na kimeziacha nje nyumba nyingi za mjini, lakini baadhi ya vyumba vya bei ya chini kabisa, kama vya Likoni, huenda bado vimo. Kama ni wewe, huwezi kutolewa wala kupandishiwa kihivihivi, kuna baraza maalum la kusikiza kesi hizo. Ukizidi 2,500, kinga yako kubwa ni mkataba. Uandikwe muda wa notisi, kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, depositi itarudi baada ya siku ngapi, na nani atapaka rangi ukiondoka. Hilo la rangi liandikwe kwa tarakimu, maana ndilo humeza depositi nyingi mjini hapa.